Vitambaa Chini ya Godoro

Kaloleni, Nairobi
8 Februari 1981

Mpenzi Phares,

Shuleni walitufundisha kuanza kwa kusema sisi ni wazima, hofu ni kwa mwenzetu aliye mbali. Basi mimi ni mzima, na hofu sina, maana huko Voi hakuna cha kukudhuru ila joto na mbu. Umeuliza ukipata likizo uniletee nini. Huko kuna nini cha kuletwa? Vumbi jekundu na mkonge. Niletee wewe mwenyewe, ukiwa umenyoa.

Hapa ni yale yale. Kazini bado bosi hataki mtu ainuke kwenye cherehani kabla ya saa ya chakula. Anasema choo hakishoni sare. Tumezoea, asubuhi hatunywi hata chai ili tusisumbuke.

Jirani yetu Mama Kageha anakusalimu sana. Ile kamba ya nguo mbele ya nyumba ni yake, na unajua anavyoisoma kila asubuhi kama gazeti. Anajua nani amenunua shuka mpya, nani ana mgeni, mtoto wa nani amekojoa kitandani. Vitambaa vyangu vya mwezi huwa navifunika na leso, lakini anaviona tu. Kila mwezi tangu unioe ameviona, na kila mwezi ananiuliza, "Kwani bado tu?" Ninamwambia bado, anasikitika kuliko mimi.

Neno la mwisho, na usilipigie ngoma. Mwezi huu nimechelewa. Nimechelewa tu, sijasema kitu. Usimwambie mtu.

Wako,
Waringa

Stesheni ya Voi
15 Februari 1981

Mke wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nimeketi, halafu nikaenda nyuma ya stoo ya mizigo nikaisoma tena. Kulikuwa na saruji ya kuhesabu nikaihesabu vibaya. Makau, karani mwenzangu, akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia ni kinyume kabisa cha msiba.

Najua umesema nisimwambie mtu. Lakini Waringa, Mama amengoja mno. Tangu nilipomwambia ninamwoa Mkikuyu wa Shauri Moyo, wazee wa kwetu wamekuwa wakimwambia damu zetu zimekataana, na yeye hana la kuwajibu. Sasa analo. Nimeshaandika nyumbani, dada yangu Roseline atamsomea.

Usibebe ndoo. Kula maini. Umwambie Mama Kageha, ili akusaidie mambo ya mfereji. Akiwa mvulana atapewa jina la marehemu baba. Akiwa msichana ataitwa jina la mama yako, ili Shauri Moyo nao wapate chao wasinione mnyang'anyi.

Nitajitahidi nije Pasaka.

Mume wako mwenye furaha,
Phares

Ugunja
10 Machi 1981

Wifi yangu Waringa,

Hujambo? Nilimsomea Mama barua ya Phares jioni, na hajakaa chini tangu siku hiyo. Amekwenda nyumba kwa nyumba. Wale wazee waliokuwa wakisema mambo ya damu, sasa wanasema walijua tangu mwanzo.

Katika kifurushi hiki kuna shuka. Ukiniuliza, nitasema ni shuka ya kitanda tu. Kwetu mtoto hatayarishiwi nguo kabla hajalia, na Mama akijua nimetuma kitu atanichapa hata kama mimi ni mwalimu. Lakini mimi nafundisha sayansi ya nyumbani, siwezi kukaa nikijua huna nepi. Ni pamba tupu. Nimeilalia tangu chuo cha ualimu na imefuliwa mpaka imekuwa laini kabisa. Iweke. Wakati ukifika utajua namna ya kuipasua.

Usimwambie Mama.

Wifi yako,
Roseline Adoyo

Kaloleni
29 Machi 1981

Phares,

Shuka ya Roseline imefika.

Mvua zimeanza. Mama Kageha ananipisha kwenye foleni ya mfereji, na akiniona kwenye mtaro ananishika mkono nivuke. Watu wote ni wazuri sana kwangu. Nakwenda kazini, narudi, nalala. Chakula kinapita. Chai siku hizi haina ladha, labda ni majani waliyobadilisha.

Umeuliza tena habari ya majina. Tungoje kwanza.

Hakuna jingine.

Waringa

Kaloleni
3 Mei 1981

Wifi Roseline,

Ule mstari wa kusema mimi ni mzima nauruka. Soma barua hii peke yako, mbali na Mama.

Hakuna mtoto. Alikuwapo, nadhani, au alikuwa anaanza kuwapo. Mimba ilitoka mwezi wa Machi, wiki ile ile shuka yako ilipofika. Nilikuwa kwenye cherehani tumbo likanikaza. Niliomba ruhusa nikaambiwa ningoje saa ya chakula, nikangoja. Halafu nikarudi nyumbani kwa miguu, nikafunga mlango. Sikuwa na pamba. Vitambaa vyangu vya zamani nilikuwa nimevitupa kwa furaha. Kwenda dukani kwa Abdiqadir nisingeweza, kwa sababu mtaa mzima unajua nina mimba, na mwenye mimba haendi kununua pamba. Kilichokuwa mezani ni shuka yako. Niliipasua, Roseline. Ilipasuka vizuri. Sikulia. Nilikuwa nikiwaza tu kwamba pembe moja imekwenda kombo.

Kazini nilirudi siku iliyofuata. Nilipaswa kumwambia Phares. Nilijiambia atakuja Pasaka nimwambie usoni, na Pasaka wakamnyima likizo. Sasa kila siku ni siku mbaya ya kusema.

Vile vipande vya shuka ndivyo ninavyotumia tangu hapo. Siwezi kuvianika nje. Mama Kageha akiviona kwenye kamba atajua papo hapo. Atamwambia mke wa Zedekiah kanisani, na Zedekiah ni gadi wa treni ya Mombasa, habari itashuka Voi pamoja na mizigo. Kwa hiyo ninavifua ndani kwa beseni, dirisha likiwa limefungwa, ninavitandaza chini ya godoro, nalala juu yake. Havikauki. Kwa mvua hii hata nguo za nje hazikauki. Aprili ilipofika vilikuwa vinanuka uvundo, nikavivaa hivyo hivyo vibichi. Nikienda kazini nakaa na kimoja kutwa nzima.

Sasa naungua. Nikienda haja ndogo ni pilipili, yanatoka matone, na sijafika mlangoni nataka tena. Nimeacha kunywa maji ili nisiende. Nilidhani ni uchafu wangu, nikajiosha mpaka ndani kwa ile dawa ya kuua viini tunayopigia deki sakafuni. Ikawa mbaya zaidi. Tangu jana mgongo unauma upande mmoja na mwili una baridi.

Sikuandikii unionee huruma. Hiyo huruma sijui ningeiweka wapi, sisikii kitu. Nakuandikia kwa sababu shuka ilikuwa yako, na kwa sababu unawafundisha wasichana mambo haya. Niambie la kufanya. Phares usimwambie. Nitamwambia mwenyewe nikipata maneno.

Waringa

Ugunja
9 Mei 1981

Waringa mpenzi,

Vaa viatu kwanza, ndipo uendelee kusoma. Kuungua mkojo pamoja na mgongo na baridi ni dalili kwamba huenda ugonjwa umepanda mpaka kwenye figo, na figo si mambo ya kungoja Jumatatu. Nenda kliniki ya kanjo, ile ya baraza la jiji, leo. Waambie wapime mkojo. Waambie pia kwamba mimba ilitoka na hukuonwa na mtu, wakuangalie. Ukipewa vidonge, meza mpaka viishe, hata ukipata nafuu katikati. Mama amenisikia nikilia akauliza kuna nini, nikamwambia ni moshi.

Umerudi? Basi sikiliza.

Vitambaa vyenyewe havina kosa. Mimi ninavitumia, Mama alivitumia, wasichana wangu wa darasa la saba wanavitumia. Kosa ni unyevu, na kukaa na kimoja kutwa. Loweka kwenye maji baridi, fua kwa sabuni, suuza mpaka maji yatoke meupe na sabuni yote iishe. Halafu juani, Waringa. Jua lenyewe, si chini ya leso, na wallahi si chini ya godoro. Siku ambayo jua limekataa, piga pasi ya moto mpaka kikauke kabisa, kisha uweke kwenye mfuko safi. Hivyo ulivyo navyo, chemsha vile vizima, vilivyoshika uvundo tupa. Kazini nenda na vingine kwenye mkoba, badilisha kila baada ya saa chache kabla hakijalowa, na kilichotumika kifunge kwenye nailoni urudi nacho. Nawa mikono kabla na baada.

Ile dawa ya sakafu ibaki sakafuni. Ndani hakutaki kuoshwa na kitu chochote, nje maji safi yanatosha. Ukijifuta, futa kutoka mbele kwenda nyuma. Kunywa maji mengi, na mkojo ukikuita itika. Bosi wako akinuna mwache anune, figo ni zako.

Shuka usiiwazie. Ilikuja kukusaidia ikakusaidia, ingawa si kwa namna niliyotaka.

Nimenyamaza kama ulivyotaka. Lakini sema upesi. Habari ya namna hii ukiichelewesha, mtu mwingine huisema kabla yako, tena vibaya.

Roseline

Stesheni ya Voi
24 Mei 1981

Waringa,

Salamu leo sina.

Zedekiah alishuka hapa Jumatano akanivuta pembeni kama mtu anayeleta habari ya kifo. Mkewe alikuona kliniki. Umeketi kwenye ile benchi ambayo Nairobi nzima inajua wanaoketi hapo wanatibiwa nini. Umejifunika leso mpaka usoni. Anasema pia kwamba kwa mwanamke wa miezi yako, tumbo hakuliona.

Mimi niko huku tangu Januari. Kisonono hakisafiri kwa posta. Umekipata wapi? Na mtoto wangu, umemfanyia nini?

Nilisimama mbele ya wazee wa kwetu nikakutetea wewe. Ninataka ulikumbuke hilo.

Kama ni kweli, mwachie Mama Kageha ufunguo, uende kwa mama yako Shauri Moyo, nikija tuongee mbele ya watu wazima. Kama si kweli niandikie haraka, kwa maana sili wala silali. Mama bado sijamwandikia. Mwezi ukiisha bila jibu lako, nitamwandikia.

Phares

Kaloleni
31 Mei 1981

Phares,

Ufunguo ninao bado. Nimeushika huku nikiandika.

Benchi ile ni moja. Wenye kisonono wanaketi hapo, wenye kuungua mkojo wanaketi hapo, na mzee mmoja mwenye kidonda cha mguu alikuwa ameketi hapo pia. Nesi alipima mkojo wangu akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo, yalikuwa yameshaanza kugusa figo. Ugonjwa wa zinaa hapana. Alinipa vidonge, nimevimaliza, siungui tena. Leso nilijifunika kwa sababu nilikuwa na homa na mwanga uliniumiza macho. Mke wa Zedekiah angenisalimia ningemwambia.

Umeuliza nimeupata wapi. Nimeupata chini ya godoro letu.

Mtoto hayupo tangu Machi. Mimi niliandika nimechelewa, wewe ukasoma mtoto. Halafu akawa mtoto kweli kwa wiki chache, mpaka mimi mwenyewe nikamwamini, nikatupa vitambaa vyangu vya mwezi. Alitoka siku ya kazi. Sikumfanyia kitu. Niliketi nikashona kola za mashati mpaka saa ya chakula, hicho ndicho nilichofanya.

Nilipasua shuka ambayo Roseline alituma ya nepi. Vipande vyake nikavificha chini ya godoro, nisionekane nikianika, kwa sababu ungejua wewe, na Mama angejua, na wale wazee wangepata la kusema. Nikavivaa vibichi, nikazuia mkojo, nikaacha kunywa maji. Hivyo ndivyo mtu anavyopata ugonjwa bila mwanamume yeyote. Nesi amenieleza, na wifi kabla yake. Yeye nilimwambia, nilipoanza kuumwa mgongo. Usimlaumu, nilimwomba anyamaze.

Ningependa kukukasirikia kwa neno lile la kisonono. Najaribu, hasira haiji. Nimekuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi. Unauona ni wako, unaugusa, huusikii. Mama Kageha ananipisha mfereji kila siku kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo, namwambia asante, nachota maji.

Wifi anataka nianike juani. Kamba iliyopo ni ya Mama Kageha, mimi sina yangu. Na siku nitakapoanika, Kaloleni yote itajua, kwa hiyo siwezi kuanika kabla wewe hujamwambia Mama kwa mdomo wako. Asisikie kutoka kwenye treni. Kwa sasa napiga pasi.

Mwambie, au niambie niende Shauri Moyo. Lolote utakalosema nitalifanya, sina nguvu za kubishana. Lakini uongo wa tumbo siwezi kuubeba tena, na hilo si kwa ajili yako wala ya Mama. Uongo wenyewe umenichosha tu.

Waringa

Stesheni ya Voi
14 Juni 1981

Mke wangu,

Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza nikaichana. Makau ameniambia niandike tu hata kama ni mbaya.

Nimelia. Sijui mwanaume anaandikaje jambo hilo, lakini nililia ndani ya stoo, Makau akafunga mlango kwa nje ili wapakiaji wasinione. Nilimlilia mtoto, kisha nikafika kwenye zile kola za mashati ulizoshona, hapo ndipo niliposhindwa kabisa. Ulikuwa peke yako, na mimi nilikuwa huku nachagua majina.

Lile neno la kisonono lingerudi ningelirudisha. Halirudi. Utaishi nalo na mimi nitaishi nalo, na ninakuomba msamaha kila mara litakapokujia.

Mama nimemwandikia. Nimeandika yote kwa Kijaluo, kwa mkono wangu, hata la godoro, ili Roseline akisoma asiwe na nafasi ya kupunguza. Nimeandika pia kwamba atakayezungumza tena habari ya damu kukataana, aje aniambie mimi hapa Voi. Majibu bado. Nikikuambia siogopi nitakuwa nakudanganya.

Ulisema Voi hakuna cha kuletwa ila vumbi na mkonge. Vumbi nimeliacha. Vijana wa shamba la mkonge wamenisokotea kamba, ndefu, nyeupe, haitachafua nguo. Zedekiah anakuletea. Aliniuliza ya nini, nikamwambia ni ya kuanikia nguo za mke wangu, zote, na kwamba mkewe akiona chochote juu yake asipande treni kuniambia, nitakuwa najua.

Shauri Moyo nenda kusalimia tu, kisha urudi nyumbani.

Phares

Ugunja
28 Juni 1981

Wifi yangu,

Nilimsomea Mama jikoni. Alikuwa anapepeta wimbi, na nilipofika mahali penyewe hakuacha kupepeta. Nilisoma mpaka mwisho, nikakunja karatasi, nikangoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, hata nilikuwa nimepanga ya kumjibu.

Akaweka ungo chini. Akauliza swali moja. "Nani alimpikia uji?"

Nikasema sijui.

"Mtoto ametoka tumboni mwa mwanamke, amerudi kazini kesho yake, na hakuna mtu aliyempikia uji?" Akanikasirikia mimi, Waringa, kama ni mimi niliyekuwa Kaloleni! Akauliza mama yako mzazi alikuwa wapi, nikamwambia naye alikuwa hajui, ulimficha kila mtu. Akasema basi mwandikie ndugu yako, nataka kujua ni nani aliyempikia. Nilipomwambia huenda hakuna, alitoka nje akakaa huko mpaka giza likaingia.

Asubuhi nilimkuta anasaga. Mfuko huu ni wimbi na mtama, kasaga mwenyewe. Anasema miezi iliyopita si kitu, uji wa namna hii haucheleweshwi na miezi. Na anasema usijipikie. Mwanamke aliyetokwa na mtoto hapiki uji wake mwenyewe, apikiwe. Sasa utapikiwa na nani na umejifungia, hilo mimi sikumjibu. Lijibu wewe.

Habari ya shuka aliisikia katika barua. Hakunichapa.

Wako,
Roseline

Kaloleni
12 Julai 1981

Phares,

Mimi ni mzima. Mstari huo nauandika tena, kwa kuwa karibu unakuwa kweli.

Kamba ilifika. Mke wa Zedekiah aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, akaniangalia kila mahali isipokuwa machoni, akasema kumbe Voi wanasokota vizuri. Nikamwambia ndiyo. Ninaendelea kunywa maji kazini, na nikiitwa naenda. Bosi alinuna siku ya kwanza. Sasa wasichana wengine nao wanainuka, amekuwa mtu wa kununa kutwa.

Jana ilikuwa siku yangu ya kufua. Nilifunga kamba kutoka kwenye nondo ya dirisha letu hadi kwenye nguzo ya taa, mchana, watu wakiwa nje. Nikaanika vipande vyote vilivyobaki vya ile shuka, bila leso juu. Nilidhani nitaona haya, sikuona. Nilikuwa nikisikia ubaridi wa maji tu kwenye vidole.

Julai unaijua, jua la kuvizia, linatoka mara moja kisha linajuta. Lilipotoka, shuka za Mama Kageha kwenye kamba yake zilikuwa zimelikinga lote. Akatoka na beseni. Akaviangalia vitambaa, akaniangalia tumbo, akaviangalia tena. Nilisimama pale nikingoja anisomee gazeti.

Alizivuta shuka zake zote, nzito na mbichi, akazisukuma mpaka mwisho wa kamba zikabanana, jua likafika upande wangu.

Halafu akaja karibu. "Tangu lini?"

"Machi."

"Machi! Na mimi hapa kila siku nakwambia kaa chini, usibebe. Mbona hukuniita, mtoto wangu? Mimi mimba zimenitoka mbili. Ningekuja."

Nikamwambia kuna unga umetoka kwa mama mkwe, na kwamba nimekatazwa kujipikia. Sikujua kama ninamwomba, nilisema tu kama mtu anavyosema habari. Akaweka beseni chini palepale kwenye majani.

"Lete huo unga," akasema.

Aliwasha jiko mlangoni kwangu. Akaniketisha kwenye kile kigoda chako. Wakati anakoroga aliniuliza kama kweli pasi ya moto husaidia siku za mawingu, maana binti yake Kageha naye huvificha vyake nyuma ya kabati, amevigundua juzi. Nikamweleza yote aliyonifundisha wifi. Akasikiliza vizuri, akasema atamfungia kipande cha kamba yetu kilichobaki. Nimemruhusu.

Uji ulikuwa moto sana. Alitia ndimu, na sukari nyingi kupita kiasi. Nilikunywa funda la kwanza nikausikia, Phares. Ndimu niliisikia, na wimbi, na moshi kidogo. Tangu Machi sijasikia ladha ya kitu. Nikaanza kulia, na ikaniuma vibaya, kama ule mguu unapoamka, sikuweza kunyamaza. Nilimlilia mtoto wetu pale mlangoni mbele ya kila mtu. Mama Kageha hakuninyamazisha. Alikuwa anajaza kikombe tu kila kikipungua.

Ukija utavikuta kwenye kamba, vipishe tu jua.

Na umwandikie Mama leo hii, kwa sababu aliuliza na hajajibiwa. Mwambie nimepikiwa uji. Mwambie ni Mama Kageha aliyenipikia.

Mkeo,
Waringa